Maziwa ya Pole

Mama yangu alijikata mguu kwa jembe lake mwenyewe. Alikuwa akilima maharage kwenye mteremko wa Kibabi, kijijini kwetu milimani, mahali ambapo ardhi imesimama karibu wima, na mlimaji huegemea shamba lake kama anayeegemea ukuta. Jembe liligonga jiwe, likateleza, likamkata chini kidogo ya goti. Akafunga kitambaa, akamaliza mstari aliokuwa ameuanza, akateremka nyumbani na mzigo wa kuni kichwani. Nikionekana mwenye hasira katika kurasa hizi, msomaji ajue kwamba sababu zangu zinaanzia kwenye ule mzigo wa kuni.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sitini, nami nilikuwa nafundisha shule ya msingi Walikale, chini kwenye msitu, ambako mvua hainyeshi kutoka juu tu bali hutoka pia kwenye majani, kwenye magome, kwenye pumzi za watu. Habari nililetewa na dereva wa lori la mawese. Alinikuta uwanjani na wanafunzi, akanipungia kikaratasi kutoka dirishani.

“Mwalimu! Muguu ya mama yako imevimba sawa mugomba!”

“Ananiita?”

“Hapana. Amesema nisikuambie.”

Kikaratasi kilitoka kwa muuguzi wa zahanati ya Kibabi. Kilikuwa na jina moja tu la dawa, tetrasiklini, na chini yake neno “haraka”. Kabatini kwake haikuwapo. Miaka ile baada ya uhuru makabati ya zahanati za milimani yalikuwa na rafu nyingi na chupa chache, na dawa ilimfikia mtu kwa mwendo wa lori na hali ya daraja. Nikaipata katika hospitali moja ya Walikale, baada ya kukaa barazani asubuhi nzima nikiwa nimevaa uso wa huzuni kuliko wagonjwa wenyewe. Vilikuwa vidonge vya gamba laini, nusu njano na nusu nyekundu, katika kikopo cha bati. Nikakifunga ndani ya nailoni, nailoni ndani ya shati, shati ndani ya mfuko, nikapanda lori. Lori likakwama. Nikatembea. Nikapata lori jingine, nalo likakwama. Nilipofika Kibabi nilikuwa matope hadi kiunoni, lakini kikopo kilikuwa kikavu kama Biblia ya mchungaji.

Mama alikuwa amelala karibu na moto. Baba alikuwa amefariki zamani, na mimi ni mtoto wake pekee. Wanawake wa jirani ndio waliokuwa wakimpikia. Ngozi ya mguu ilikuwa inang'aa, imejaa, na kutoka kwenye kidonda mstari mwekundu ulikuwa umeanza kupanda kwenye paja, mwembamba, kama njia ya mguu inayoonekana kutoka kilima cha mbali.

“Nani amekuita?” akaniuliza.

Muuguzi alikuwa kijana wa rika langu, mwenye maringo, koti lake jeupe likiwa limepigwa pasi hata katika wiki za mvua. Alifungua kikopo, akanusa, akaridhika. Kwanza alikuwa amemdunga mama penisilini. Kabla hajaitoa sindano vizuri, midomo ya mama ilivimba, ngozi ikatoka mabaka ya kuwasha, pumzi ikaanza kupiga mluzi. Aliokolewa kwa sindano nyingine.

“Penisilini inabomoa ukuta ya kidudu,” akanieleza kwa Kiswahili cha kwetu, ambacho “ndiyo” yake ni “njo”, akipiga ngumi kiganjani. “Kidudu kinapasuka, kinakufa. Njo dawa nzuri. Lakini damu ya mama yako inapigana na penisilini yenyewe. Nikimudunga tena, ni mimi nitamuua, haiko kidonda.”

“Na hii?”

“Hii haibomoi kitu. Inaingia ndani ya kidudu, inazimisha kiwanda yake. Kidudu kiko kizima, lakini hakiwezi kujenga mwili, hakiwezi kuzaa. Damu ya mama yako njo inakuya kukimaliza. Sasa sikia muzuri: dawa ikipunguka mu damu, kiwanda inawaka tena. Kwa hiyo anameza asubuhi, muchana, magaribi na usiku, hata akijisikia muzuri. Anameza na maji. Tumbo ikiwa wazi, bila chakula.” Akainua kidole. “Na maziwa, hapana. Mashanza, hapana.”

“Kwa nini?”

“Mu maziwa muko ile chokaa yenye kujenga mifupa. Dawa inashikana nayo, vinakuwa kitu kimoja, tumbo haiwezi kukipokea. Kinapita moja kwa moja mu choo. Mukimupa na maziwa, choo yenu itapona. Mama yako, hapana.”

Nikacheka. Ilikuwa mara ya mwisho kucheka kwa muda mrefu.

Kwetu, mgonjwa hapelekewi maneno matupu. Mwenye ng'ombe anayekamuliwa, akisikia jirani yake amelala, humpelekea maziwa ya pole: kibuyu kimoja, asubuhi au jioni, mabichi au yaliyoganda, yale tunayoyaita mashanza. Humimina mwenyewe. Mgonjwa hunywa mbele ya macho yake, hadi tone la mwisho, kisha kibuyu hurudi na mwenyewe. Maziwa hayo hayawekwi kando, hayalali ndani ya nyumba, hayamwagwi, na hayarudi yalikotoka. Kuyakataa ni kumwambia mletaji kwamba unashuku mkono wake. Sisi tulikuwa watu wa maharage na mihogo, hatukuwa na ng'ombe hata mmoja, na kwa sababu hiyo heshima ya maziwa ilikuwa kubwa zaidi kwetu.

Mama alikuwa na jirani, bibi mjane wa kilima cha pili, mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa. Kijiji kizima kilimwita Koko, yaani bibi. Alikuja asubuhi ya kwanza, mara tu mama alipomeza kidonge. Nilikuwa nje nikipasua kuni. Niliporudi ndani, mama alikuwa anafuta mdomo.

“Mama! Si tumesema maziwa hapana?”

“Umesema wewe.”

“Munganga amesema!”

“Munganga hana ng'ombe,” mama akajibu. “Anajua nini juu ya maziwa?”

Koko alitikisa kichwa kwa kukubaliana naye, akaondoka na kibuyu chake, taratibu, kama mtu aliyetenda mema.

Hapo ndipo ulipoanza ule msimu wa kusaga meno. Nilieleza kuhusu chokaa. Nilieleza kuhusu kiwanda. Nilichora kidudu ardhini kwa mkaa, nikakichorea bomba la moshi. Mama alikitazama akasema kinafanana na mjomba wangu. Zaidi ya yote, dawa yenyewe ilikuwa mshirika wa adui, kwa maana ilimchafua tumbo. Kila akimeza, kichefuchefu kilimpanda, mate yakamjaa mdomoni, na yeye, kwa akili safi kabisa ya mtu wa milimani, akapata jibu.

“Hii dawa iko moto. Inanichoma humu. Maziwa iko baridi, inaituliza. Hata mutoto mudogo anajua.”

“Inaituliza kwa sababu inaiua!”

“Sasa si nimekuambia? Imetulia.”

Utafanya nini na mtu kama huyo? Ningekuwa naandika riwaya ningempa mhusika wangu tabu yenye fahari, mto uliofurika, adui mwenye bunduki. Mimi nilipewa kibuyu. Asubuhi kibuyu, jioni kibuyu, na katikati yake mama yangu anayemeza kwa utiifu vidonge nilivyovibeba kifuani kutoka Walikale, ili avipeleke chooni.

Mstari mwekundu uliendelea kupanda. Homa ilimshika jioni akawa anaongea na baba. Muuguzi akaja, akabonyeza mguu kwa kidole gumba, shimo likabaki pale lilipobonyezwa. Akanusa hewa ya nyumba.

“Humu munanukia mashanza.”

Nikatazama moto. Mama akatazama paa.

Alinitoa nje, na maringo yake yote yalikuwa yamemwisha. “Nitarudia Jumapili,” akasema. “Kama ile alama haijashuka, naita lori, anaenda Goma. Kule watakata. Hapa juu ya goti.” Akajionyesha kwenye suruali yake, pale pasi ilipoacha mkunjo.

Nikatazama shamba. Maharage yalikuwa yamechanua, maua meupe na ya zambarau, yakining'inia kwenye mteremko ule ambao hata mbuzi huupanda akifikiri. Mtu wa mguu mmoja asingefika hata mstari wa kwanza. Na mama bila shamba lake asingekuwa mama, angekuwa kitu kilichowekwa karibu na moto. Nikaingia ndani nikamwambia maneno ya muuguzi jinsi yalivyo.

“Watu ya Goma wanapenda kukata,” akasema.

Kesho yake asubuhi nilisimama mlangoni. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni, na Koko alitokea ndani yake, kichwa kwanza, kisha kibuyu, kisha fimbo.

“Wamuka, mujukulu wangu,” akanisalimia.

“Wamuka, Koko. Leo hapana.”

“Hapana nini?”

“Maziwa. Rudi nayo.”

Alinitazama kama mtu anayengoja mwisho wa mzaha. Mzaha haukuisha. Nikaweka mkono kwenye mwimo wa mlango. Sikuinua sauti, lakini kwenye kilima chetu maneno husikika upande wa pili wa bonde, na wanawake waliokuwa wakienda shambani walikuwa wamesimama tayari, majembe mabegani.

“Narudi na maziwa?” akauliza. “Mimi? Na kibuyu kimejaa?”

“Ndiyo, Koko.”

Akageuka. Aliteremka bila haraka, kibuyu kikiwa kizito mkononi mwake mbele ya macho ya watu wote.

Nilipoingia, mama alikuwa ameugeukia ukuta. Nikamletea kidonge cha asubuhi na maji. Hakugeuka.

“Mama, meza.”

“Kama maziwa ya yule mama haiwezi kuingia humu, na vidonge vyako haviwezi kuingia.”

“Mama, ni muguu yako!”

“Ni muguu yangu, njo maana.”

Akafunga kinywa. Nilibembeleza, nilikemea, nilipiga magoti, nikataja Goma, nikataja msumeno. Kidonge kilianza kulainika kiganjani mwangu, rangi nyekundu ikanipaka. Mchana ulipita hivyo. Mwishowe, akiwa bado anatazama ukuta, alisema, “Wakati nilikuzaa, titi yangu ilikauka. Unajua ulikula nini? Unajua nani alikuwa anavuka ile mutoni na mvua, kila siku, mpaka ukatoka meno? Leo umemurudisha mu njia na kibuyu kimejaa. Niko na haya hata ya kupona.”

Hilo sikuwahi kuambiwa. Mama huficha mambo makubwa na kutangaza madogo.

Nilivuka mto kwenda kwa Koko. Sikwenda kwa toba, nilikwenda kwa sababu ya mguu, na nilikuwa na hasira hata na mawe niliyokanyaga. Alikuwa akichambua maharage mlangoni. Hakuinua macho.

“Umekuya kufukuza na ng'ombe?”

Nikaomba msamaha kwa maneno yote yanayohitajika. Kisha, kwa kuwa sikuwa na kingine, nikaeleza tena: chokaa ya maziwa, dawa inayoshikana nayo, choo. Nilieleza vibaya, kwa uchovu, huku nikipunguza maneno. Na labda kwa sababu hiyo alinielewa. Aliacha kuchambua.

“Kumbe dawa haiwezi kukaa mu tumbo moja na maziwa?”

“Haiwezi, Koko.”

“Dawa yako iko na wivu sawa bibi wa pili!” Akacheka hadi maharage yakamwagika kutoka kwenye ungo. Kisha akafikiri kwa uzito, kama hakimu. “Lakini maziwa ya pole haiwezi kurudia. Leo imerudia, nimeitupa, nimelia. Haiwezi kulala. Lazima tumbo ya ile nyumba ipokee.” Akanikazia macho. “Hakuna mwenye alisema tumbo ya nani.”

“Koko…”

“Wewe umetoka mu mwili yake. Utakunywa wewe. Mbele yake, mbele yangu, mpaka chini. Na usikunje uso.”

Sasa, mimi sipendi maziwa. Sijui kama ni kwa sababu ya yale niliyonyweshwa utotoni nisiyoyakumbuka, lakini harufu yake tu hunifunga koo, na mashanza yaliyotiwa moshi kwenye kibuyu cha zamani naona kama nanywa ukuta wa jikoni. Jioni ile Koko alimimina. Mama alikuwa amekaa, mgongo ukutani, akitazama kama anayetazama harusi. Nikanywa. Nilipotua kikombe, akanyoosha mkono, akachukua kidonge, akakimeza na maji.

Laiti ingekuwa Koko peke yake. Habari zilivuka mabonde kwamba kwenye nyumba ile mtoto ndiye anayemnywea mama yake, na kila mwenye ng'ombe, hadi kutoka njia ya Ngungu, akataka kuona. Walikuja asubuhi baada ya kukamua, wakaja jioni. Walikaa wakanitazama kooni.

“Anakunywa polepole.”

“Wa shule. Wamezoea chai.”

“Papa, maliza, kungali kidogo kule chini.”

Tumbo langu likaasi. Tumbo la mama nalo lilikuwa limeharibika, maana dawa ile haichagui: inazima viwanda vya vidudu vibaya, inazima pia vya wale wapole wanaokaa utumboni na kutusaidia bila kelele. Basi tukawa tunapishana kwenye njia ya chooni, yeye na fimbo yake, mimi nikishika mti hadi mti. Ulimi wake ukafanya utando mweupe. Siku moja alikaa nje kuota jua, na jua lile la kawaida la asubuhi likamwunguza uso na mikono kama aliyelala jangwani. Muuguzi akasema hiyo pia ni kazi ya dawa, akae kivulini. Mama aliyapokea madhara hayo yote kama makosa yangu binafsi.

“Umeniletea dawa gani hii, yenye kugombana na maziwa, na jua, na choo? Haina rafiki?”

Lakini Jumapili muuguzi alipobonyeza, ngozi ilirudi. Mstari mwekundu ulikuwa umeshuka chini ya goti, umefifia kama njia isiyopitwa tena. Lori halikuitwa. Nikatoka nje nikajificha nyuma ya jiko, nikalia huku nikinuka maziwa.

Ungedhani yameisha. Homa ilipomtoka tu, mama akaamua amepona, na vidonge vilivyobaki vikawa mali. Nilimkuta amefungua kikopo, Koko yuko mbele yake, mkono umekingwa.

“Ni ya nini hiyo?”

“Ng'ombe yake,” mama akasema. “Titi imevimba.”

“Munampa ng'ombe?”

“Maziwa yake si umekunywa wewe?” Koko akaniuliza, kwa mshangao wa kweli. “Sasa yeye ni mugonjwa. Tumuache?”

Nikakinyakua kikopo. Nilipiga kelele ambazo nadhani zilifika hadi mji wa Sake. Niliwaambia kwamba vidudu vilivyobaki mguuni ndivyo vikaidi kuliko vyote, kwamba ukivipa nafasi vitawasha viwanda vyao na safari ijayo vitakuwa vimeizoea dawa, na kwamba ng'ombe ana tumbo kubwa kama nyumba na vidonge vile vingepotea humo bila hata kuaga. Walinisikiliza kwa subira.

“Anafundisha muzuri,” Koko akamwambia mama.

Mama alimaliza vidonge vyake hadi cha mwisho. Ng'ombe alikandwa kwa maji ya moto na chumvi, akapona mwenyewe.

Kidonda kilipofunga, mama alikwenda kanisani kwa miguu yake. Wakati wa shukrani akasimama. Nilikaa wima. Nilikuwa tayari kusikia kikitajwa kikopo, lori, matope, jina la dawa.

“Namushukuru Mungu,” akasema, “na Koko, na wote wenye walileta maziwa. Mutoto yangu amekunywa maziwa yangu yote, hakuacha hata kidogo. Njo nimepona.”

Kanisa zima likajibu amina. Nikageuka nimtafute muuguzi, angalau yeye. Alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Alinishika mkono nje ya mlango kabla sijamfikia mama.

“Acha.”

“Niache? Wanafikiri ni maziwa! Wanafikiri ni tumbo langu!”

“Juzi vile vidonge vimefika na lori, nikamupa mwanaume wa kule chini, mugonjwa wa kifua. Nikamuambia maziwa hapana. Unajua alifanya nini? Aliita binti yake amunywee. Hakubishana hata neno moja. Miaka yote niko hapa nasema maziwa hapana, maziwa hapana, wananiangalia sawa mwendawazimu. Sasa wanafanya. Ukiwaeleza, wataanza tena kubisha. Nyamaza, mwalimu.”

Nilikuwa na maelezo mazuri tayari. Nilikuwa na chokaa, nilikuwa na ukuta na kiwanda, nilikuwa na sentensi zilizopangwa vizuri. Nikazimeza, nazo zilikuwa chungu kuliko mashanza. Nilipomtafuta mama kwenye njia sikumwona mahali nilipomwacha. Alikuwa ameshavuka mto, anapanda mteremko wa shamba kwa mguu mmoja na mwingine, sketi imekunjwa kiunoni, akinipigia kelele kutoka juu kwamba magugu yamemeza maharage na mimi natembea kama mgonjwa.